Pikapu ya Baba Yenu Isikwanguliwe

Mwanangu Shaabani,

Assalamu alaykum. Nakusalimu wewe kwanza, halafu namsalimu mkeo Mwanaidi, mwambie mgongo wake naufikiria na asibebe ndoo mbili mbili. Namsalimu mjukuu wangu Salimu, najua sasa anasoma, hapa apasome mwenyewe. Namsalimu Fatu na pengo lake la meno. Namsalimu shangazi yenu Mwanahamisi, wifi yangu kipenzi, macho yanaendeleaje, ile dawa ya matone anaitia au anaificha kabatini kama kawaida yake? Mimi mama yenu nipo. Mzima siwezi kusema, mgonjwa sitaki kusema. Magoti yananisumbua na baridi ya London inaingia mpaka kwenye mfupa, lakini naamka, nakwenda, narudi.

Sasa Shaabani, neno lenyewe. Uliniambia kwenye simu kwamba fundi atakuja kuivuta pikapu ya marehemu baba yenu, aikwangue rangi yote, ang'oe viti, aipake nyekundu mpya, ndiyo uibebee machungwa. Nikasema subiri. Ukasema, "Mama, lile ni bati tu." Tukagombana, ukakata, na tangu siku ile kila nikipiga unaniambia uko barabarani. Ndiyo maana nimeandika, nampa Bi Rehema anayekuja huko Tanga kwa likizo, kwa sababu barua huwezi kuikatiza. Mwandiko wangu unaujua, darasa la nne ndiyo mwisho wangu, nivumilie.

Nikueleze yaliyonikuta kazini. Namtunza bibi mmoja wa Kihindi huko Stanmore, Mama Hansa, hawezi kutembea. Mimi nakaa Lewisham, kwa hiyo asubuhi napanda ile treni ndogo isiyo na dereva, nabadilisha, nakaa kwenye nyingine mpaka stesheni ya mwisho kabisa. Nikifika nimeshachoka, na kazi ndiyo kwanza inaanza, kumwinua, kumuogesha, kumlisha. Mume wake, Bwana Jayanti, ni mzaliwa wa Korogwe, Kiswahili anacho mpaka cha matusi.

Huyu bwana ana gari gerejini, la Kimarekani, la zamani, refu kama kitanda cha watu watatu. Wenyewe wanayaita magari ya misuli. Sijui misuli gani, ila likiwashwa vikombe kabatini vinagongana. Haendi nalo sokoni, haendi nalo popote, analifunika blanketi tu. Mama Hansa humchokoza, "Mama Shaabani, huyu mzee mimi hajanifunika hivyo hata siku moja." Naye humjibu, "Wewe hupati kutu."

Basi Jumapili moja akaniambia wageni wanakuja kuliangalia, wenzake wanaopenda magari ya namna hiyo. Akaiacha boneti wazi, akaenda kubadilisha nguo. Mimi napita na chai, nikachungulia. Mwanangu, kuchafu! Na kwenye bati nyuma ya injini mtu kachorachora kwa chaki ya njano, kama watoto walioachiwa ukuta. Nikasema hapana, mzee wa watu ataaibika. Wewe unanijua, mgeni hafiki kwangu kabla sijasugua mpaka sufuria zisizotumika. Nikachukua stilwaya na sabuni ya maji, nikasugua bati likang'aa. Nikafurahi peke yangu.

Wageni walipofika, Mzungu mmoja mtu mzima akapiga magoti, akamulika tochi nyuma ya injini. Akamulika tena. Akamtazama Bwana Jayanti. Bwana Jayanti akainama kuangalia.

"Mama Shaabani, nani kaosha hapa?"

"Mimi, bwana. Si ulisema wageni wanakuja?"

"Na maandishi?"

"Yale machafu? Yametoka yote."

Akavuta ndoo, akakaa juu yake. Mama Hansa kule ndani akapaza sauti, "Jayanti, usimfokee!" Akajibu, "Sijamfokea." Na kweli hakufoka. Afadhali angefoka. Nilirudi Lewisham nalia kwenye treni, na watu wa hapa ukilia wanatazama simu zao. Nilijua kazi imekwenda.

Kesho yake akaniambia, "Chemsha chai, kisha ukae." Akanieleza. Zile chaki ziliandikwa na mfanyakazi wa kiwandani siku gari linaundwa, kuonyesha kuwa keshalikagua. Jina lake hakuna anayelijua, huenda keshakufa zamani. Lakini mkono wake ulikuwa pale.

Nikamuuliza, "Lakini bwana, watu wazima mnahangaikaje na gari lisilobeba hata gunia?"

Akasema yaliundwa machache. Vijana waliyanunua kwa ajili ya mbio wakayapasua kwenye miti. Mafuta yalipopanda watu wakayachoka, mengi yakapelekwa kupondwa, mengine yakaozea mvuani. Hakuna aliyefikiri kwamba yataisha. Hili lake alilikuta uani kwa mtu, majani yameota ndani, linangoja kupondwa. Wapo wanaoyanunua kwa faida tu, hakunificha. Lakini wanaoyapenda hasa wanalitafuta lile lenye injini lililotoka nayo kiwandani, na rangi ile ile hata kama imepauka. "Rangi mpya nitapaka nikitaka hata kesho," akasema. "Ile ya kwanza nitampata nani anipakie?"

Nikamwomba radhi. Akasema, "Ungekuwa mvivu, Mama Shaabani, ningekuwa na bahati." Tukacheka, ila macho yake hayakucheka. Kazi sikufukuzwa. Mpaka leo nikipita karibu na ile gereji mikono naiweka nyuma.

Ndipo nikaifikiria pikapu yetu. Kile kiti cha dereva unachotaka king'olewe, baba yenu alikishona mwenyewe kwa kamba ya katani, kaketi barazani, wakati vidole vyake bado vina nguvu. Na pale juu ya mlango ambapo rangi imeisha kabisa, ile si kutu Shaabani, ni kiwiko chake. Alikuwa akiendesha kakitoa nje, miaka yote. Picha yake tunayo moja tu, ya kitambulisho, imeishia mabegani. Kiwiko hakimo.

Sisemi pikapu ikae bure chini ya blanketi. Mimi si Bwana Jayanti, na wewe una watoto wa kulisha. Injini imekufa, weka nyingine. Breki weka mpya, hizo nakuomba uweke kweli, usinidanganye. Bebea machungwa yako. Lakini ule mlango usikwanguliwe, na kiti kisitupwe. Shangazi yako kaniahidi ufunguo atakaa nao mpaka uisome barua hii, ingawa najua gari la kuvutwa halingoji ufunguo.

Nisalimie Bakari mdogo wa baba yenu, na Mwalimu Asha wa madrasa, na majirani wote wanaoniulizia. Mimi nimechoka mwanangu, sikufichi. Nikiwaza kurudi, najiona naingia uani, naufungua mlango ule, nakaa kidogo kabla sijasalimia mtu.

Kama fundi keshaanza, niambie hivyo hivyo. Usininyamazie kwa kuwa niko mbali, nije nikaone mwenyewe. Nitalia, kisha nitanyamaza. Ila unijibu upesi, ukimaliza kusoma tu, hata neno moja linatosha: ipo, au haipo.

Ni mimi mama yako,
Zainabu