Gesi Waliyomwambia Mama Yako

Ambakisye,

Mlango wa jengo lenu huku Rågsved wameubadilisha. Wameweka wa chuma, rangi ya kijani, na ukuta wameupaka upya, hata ukipita huwezi kujua kwamba mtu alifia pale. Jana nimeupiga mateke. Niliupiga mpaka mama mmoja wa ghorofa ya juu akashuka kuniuliza kwa Kiswidi kama nahitaji msaada, nami nikamporomoshea matusi ya Tanga yote ninayoyajua. Alinishika bega akasubiri nimalize.

Nina hasira, ndugu yangu. Watu wananiambia huzuni itapoa. Sitaki ipoe.

Wewe ndiye uliyenivumilia tangu siku ya kwanza darasani, Watanzania wawili kwenye shahada ya uzamili ambayo yenyewe haijui inataka kuzaa wachumi au waandishi wa habari. Wewe wa Tukuyu, mtu wa hesabu. Mimi, ulisema, nimekuja kusomea umbea. "Asubuhi tunahesabu watu, mchana tunawauliza majina," ulikuwa ukisema kwenye treni, mdomo umejaa ndizi. Na ulikuwa hukubali kuingiza mlipuko wowote kwenye jedwali letu bila kuandika pembeni nani aliumia. Nilikuona msumbufu kweli.

Maana tulichagua milipuko, mimi na wewe. Vijana wanakwenda kwa mwenye saluni au mgahawa, wanadai fungu lao, na akikataa wanamtegea bomu mlangoni, kwake au kwa ndugu yake. Tulitaka kujua mtaa ukishaogopa hivyo bei zake zinafanya nini. Tukazunguka mitaa ya Hjulsta na Rågsved tukiuliza bei ya kuku wa kuchoma. Wewe ukanyolewa kwa kila kinyozi aliyekubali kuongea, mpaka nywele zikakuishia kichwani.

Bomu lile lilikuwa limetegewa jirani yako, ambaye kaka yake ana mgahawa. Wewe ulikuwa unatoka tu kutupa takataka, simu sikioni, unabishana nami juu ya sura ya tatu ya tasnifu yetu. Ukasema, "Subiri, kuna mtu kaacha begi hapa." Halafu nikasikia kile nilichokisikia. Bado nakisikia mtu akibamiza mlango wa gari.

Nilipofika ngazi zilikuwa zimejaa vioo na matofali, na ukuta una damu mpaka juu. Kiatu chako kimoja kilikuwa kwenye majani nje, kamba bado imefungwa. Polisi mmoja alinizuia nisipite kwenye utepe. Nilimng'ata mkono, Ambakisye, nikang'ang'ania kama mbwa. Wakanifunga pingu, kisha walipojua nilikuwa nani kwako wakazifungua na kunipa maji. Nilitamani waniache na zile pingu, maana mikono yangu sikujua niipeleke wapi.

Msiba ulikaa kwa Mama Faraja, kule Märsta. Watu walijaa. Wakenya walileta chai, Wakongo waliimba, na viatu vikafika mpaka kwenye lifti. Unamjua Mama Faraja, Mtanzania akifa hapa yeye ndiye anayepiga simu nyumbani. Akampigia mama yako, akamwambia gesi imelipuka jikoni. Alipokata simu akatueleza kwamba mama ana presha, na kwamba neno bomu likifika Tukuyu watu watasema ulikuwa na makundi mabaya. "Gesi huko inaeleweka," alisema, na wakubwa wote wakaitikia. Hakuna aliyekumbuka kwamba ulikuwa unapikia umeme, kama karibu sisi sote hapa. Mimi nilipopaza sauti niliambiwa nitoke nje nikapunge upepo.

Chuoni nako, siku ya kuwasilisha, mwanafunzi mwenzetu mmoja, mpole kabisa, alisema kwamba kwa upande wa uchumi tukio la Rågsved linatufaa, kwa sababu tunazo bei za mtaa ule za kabla na za baada. Nilirusha kikombe. Hakikumpata, kilipasukia ukutani nyuma yake. Kijana wa watu akalia mbele ya darasa zima. Mwalimu aliokota vipande, akaniambia nirudi nikiwa tayari, na mpaka leo sijarudi.

Sasa nikwambie la Jumapili.

Mama yako alinipigia. Nilimwamkia, akaitikia, akaanza kunisimulia habari za mjomba wako Lwitiko, ambaye anauza mitungi ya gesi pale mjini. Mimi sikuwa najua kabisa. Tulipokwisha kukuzika huku, mama alichukua jembe akaenda dukani kwa Lwitiko. Alivunja majiko, akavunja mizani, na huyo mdogo wake alipojaribu kumshika akampasua paji la uso. Kwa macho yake, Lwitiko ndiye aliyeileta gesi katika ukoo, akakuzoesha nayo tangu ukiwa mdogo. Tangu siku hiyo kila Jumapili mjomba anakuja na bandeji yake, anasimama nje ya uzio, na mama hamfungulii.

Halafu akaniuliza. "Mwanangu, Ambakisye aliwahi kunionyesha jiko lake kwenye simu. Mtungi sikuuona. Ulikuwa wapi?"

Nilimfikiria Mama Faraja, na wakubwa wote, na presha. Nikafikiria jembe likishuka juu ya mtu ambaye hakufanya lolote.

Nikamwambia haukuwepo, mama. Hapakuwa na gesi.

"Basi niambie kama wanavyokufundisha huko. Usinipunguzie."

Nikamwambia. Mahali, begi, jirani, nani alidaiwa na nani. Nikamwambia daktari alisema hukupata nafasi ya kusikia maumivu, na hilo ni kweli, nililiuliza mara mbili. Akataka kujua kama walikuwa wanakutafuta wewe. Nikasema hapana, mama, hawakukujua hata jina. Hapo alipiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtu, nikasikia kitu kinaanguka, vyombo, kiti, sijui. Nilidhani nimemuua. Nikaita mama, mama, kama mjinga.

Kisha nikasikia nyayo, na lango likivutwa, na sauti yake kwa mbali, imekwaruza kabisa.

"Lwitiko. Ingia ndani."

Mjomba wako alilia kabla yake. Waliisahau simu, nami sikuikata.

Mama Faraja amesikia na hasemi nami. Sawa. Kesho narudi chuoni, nitamwomba radhi yule kijana, na kazi yetu nitaimaliza kwa majina yote mawili.

Lala, Ambakisye. Mungu akuweke pazuri kuliko tulivyoweza sisi. Nakuahidi jambo moja: siku waliotega bomu wakikamatwa, mama yako atasikia kutoka kwangu kabla ya gazeti lolote. Na wasipokamatwa, nitampigia kila Jumapili nimwambie bado.

Mwanaidi