Siku Nilipoangushwa Shambani

Mjukuu wangu Chacha,

Shikamoo yako imefika hapa Nyambureti, marahaba. Bibi yako ni mzima, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Mimi nimechoka tu, kama unavyonijua.

Umeuliza kama mimi, bingwa wa ngumi, niliwahi kuangushwa. Ulingoni, hapana. Niliangushwa kwenye shamba la ujamaa, mwaka ule nilipoacha ngumi na kurudi kijijini.

Tulikuwa tunapalilia ulezi, kila mtu na mstari wake. Mwenyekiti wa kijiji alinipa mistari miwili, eti bingwa hawezi kushindwa na magugu. Sikumwambia mtu kwamba mikono inatetemeka, wala kwamba macho yananionyesha vitu viwili palipo na kimoja. Ulezi mchanga unafanana sana na magugu yake. Nikakata ulezi, nikaacha magugu, karibu nusu ya mstari.

Msichana wa mstari wa jirani akaona. Nilisubiri acheke. Hakucheka. Alihamia kwangu, akapalilia mpaka mwisho, na mwenyekiti alipokuja akamwambia, "Hapa nimeharibu mimi. Bingwa alikuwa ananisaidia."

Ngumi nilizipokea nyingi, nikasimama. Siku ile nilikaa chini palepale, nikashindwa kuinuka.

Ukiona mwandiko huu umenyooka, usinisifu. Mikono yangu haishiki tena kalamu. Anayeandika ni yule yule msichana, bibi yako. Nilimwambia aandike kwamba nililia. Yeye ameandika kwamba nilikaa chini.

Babu yako