Makochi Barazani

Jumamosi. Kijiji chetu cha Mamba kimeamka na ukungu, na mpaka jioni hii haujaondoka. Nguo nilizofua juzi bado ni mbichi.

Eliamini hapatikani. Naanza na hilo kwa sababu siku zangu zote zinaanza nalo. Mwanangu alienda machimboni Mererani, na tangu wiki ya Pasaka nikimpigia, yule dada wa kwenye simu ananiambia namba haipatikani. Polisi nimetoa taarifa. Aliokuwa akikaa nao wanasema alihama. Kila ninayemuuliza ananipa pole tu.

Ndiyo maana nilijiunga na kikundi cha kutulia. Joyce, nesi wa zahanati yetu, alijifunza mahali mambo ya kukaa kimya na kufuatilia pumzi, akatukusanya sisi wanawake tunaolima tangawizi. Kila Jumamosi tunakaa chini, tunafumba macho, pumzi inaingia, inatoka. Wazo likija unaliacha lipite. Mwanzoni tulicheka sana. Mama Neema alikuwa anakoroma, na mpaka leo anabisha.

Nawapenda wale wanawake. Hawaniulizi kama kuna habari. Wananisogezea nafasi kwenye mkeka, basi.

Ila niseme ukweli, kwangu bado. Wenzangu wanasema pumzi inawafika tumboni. Yangu ikifika kooni inageuza.

Leo ukumbi wa kanisa ulikuwa na harusi, nikawaambia waje kwangu. Sebule yangu ni ndogo. Tukatoa makochi tukayaweka barazani, tukatandika mikeka, viatu tukaviacha mlangoni, tukakaa kimya. Watu wazima, tuliozika pamoja miaka yote, na hakuna aliyeona tumefanya nini.

Katikati ya kile kimya nikasikia mlango, nikafumbua macho. Bibi Nakiete, jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, amesimama na mfuko wa sukari, machozi yanamtoka.

"Pole mwanangu," akasema. "Eliamini wetu jamani. Kazi ya Mungu haina makosa."

Nikajua amepata habari. Nikajua zimempitia yeye kwanza, maana mama huambiwa mwisho.

Na pumzi yangu ikashuka. Ikashuka mpaka tumboni, ndefu, na mwili wote ukalegea kama nimetua mzigo wa kuni.

Nilipumzika. Mungu anisamehe, nilipumzika.

Joyce ndiye aliyeinuka. "Shikamoo bibi. Nani kakuambia?"

"Marahaba. Aniambie nani tena? Si nimeona makochi nje, kama penye msiba!"

Mama Neema akaangua kicheko, kisha sote, na bibi mwenyewe akajifunika uso kwa khanga kwa aibu. Nilicheka nao. Halafu koo likajifunga tena palepale lilipokuwa, ndipo nikalia, kilio ambacho sikukitoa nilipodhani amekufa.

Hakuna aliyeniambia nivute pumzi. Walikaa tu wamenizunguka, na Bibi Nakiete na magoti yake mabovu akashuka mkekani naye. Sikuwaambia kilichonitokea. Walidhani nalia kwa mshtuko. Baadaye wakarudisha makochi ndani, wakaondoka mmoja mmoja kwenye ukungu.

Bibi alikataa kuondoka na sukari yake. "Utanywea chai, mwanangu," akasema.

Nimepiga tena ile namba sasa hivi. Yule dada amenijibu vilevile.

Mama gani anapumua vizuri anapodhani mwanawe amekufa? Najiuliza, na hapa nimeandika ili nisiendelee kujiuliza peke yangu. Jumamosi ijayo nitakwenda kukaa nao tena, sijui kwenda kutafuta nini. Ile pumzi naiogopa.

Sukari iko mezani, haijafunguliwa. Nikiifungua nitakuwa nimeipokea ile pole. Kopo langu ni tupu tangu jana. Chai ya asubuhi nitainywa hivyohivyo, bila sukari.