Kifaransa cha Saluni kwa Zuhura

Zuhura, shosti yangu,

Nimefaulu. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya salamu. Ule mtihani wa Kifaransa ulioniangusha mara ya kwanza, tukapanga safari hii tuufanye pamoja, nimeufanya peke yangu. Nilipoona jina langu ubaoni nililia palepale, mlinzi akadhani nimefeli akanipa pole.

Unakumbuka nilivyokuwa nasoma? Sheria za sarufi nilizikariri neno kwa neno. Mwalimu akiniuliza sheria naimwaga yote, akiniambia nitunge sentensi yangu nabaki nimeduwaa. Wewe ulikuwa huna habari na kukariri. Ulichofundishwa asubuhi unakipeleka saluni kwako hapa Mwananyamala, mteja akikaa tu unamsuka huku unamfundisha. Ulikuwa unasema, "Mteja akitoka hapa hajaelewa, ujue mie ndiyo sijaelewa." Niliona unajichosha bure. Wanawake wa watu wamekuja kusuka rasta, wewe unawaambia kwa Wafaransa kiti ni mwanamke na kioo ni mwanaume. Walicheka mpaka ukawa unawashika kichwa watulie.

Tulipokuzika sikuweza hata kupita mtaa ule. Siku niliyojikaza kuingia, mdogo wako Mwajuma alikuwa anamsuka Mama Shadya, yule wa chapati. Yule mama aliponiona akakinyooshea kioo kidole, akakitaja kwa Kifaransa, kiume kama inavyotakiwa, akaongeza kwamba ni kizuri. Sentensi nzima, Zuhura. Dada aliyekuwa anasubiri zamu naye akadakia na kiti, hakukosea. Wale hawajakanyaga darasa la Kifaransa wala hawana mtihani wowote, lakini vichwani mwao umo wewe.

Nikaacha kukariri. Kila Jumamosi nikawa nakwenda kumshikia Mwajuma rasta, namfundisha mteja nilichosoma wiki ile. Nikikwama mbele yake najua hapo sijaelewa, narudi kitabuni kutafuta hilo tu. Kwenye mtihani wa kuzungumza, mtahini aliniambia nieleze mahali ninapopapenda. Nikaanza na kioo, nikaja kwenye kiti, nikamweleza na habari zako, mpaka akanisimamisha. Mpaka leo nastaajabu ulijuaje haya, wewe uliyekuwa mwanafunzi kama mie.

Sasa sikia. Jana mama yako alikuja saluni. Nikamwamkia, akaitikia taratibu, akakaa pale wanapokaa wateja, akavua ushungi.

"Nifundishe na mie hicho Kifaransa, mwanangu," akasema. "Alikuwa anakiongea nyumbani kutwa, mie namwambia aninyamazie."

Mwajuma akatoka nje, akarudi macho mekundu, akanipa kitana. Nikaanza na kiti, kama ulivyokuwa unaanza wewe. Mama alirudia polepole, akakipapasa kwa mkono kile kiti, akarudia tena mpaka neno likakaa sawa mdomoni.

Nimekukumbuka mno, Zuhura. Nakuahidi mama nitamsuka mie mwenyewe kila akija, na unajua nilivyo mzito wa kusuka, kwa hiyo somo litakuwa refu. Sitamwacha mpaka ajue yote uliyokuwa unayasema pale nyumbani.

Pumzika, shosti. Mama yako anakusalimu. Salamu ameitoa mwenyewe, kwa Kifaransa.

Wako,
Bahati