Kidoti Kimehama Shavu

Jumatatu, 2 Septemba

Daftari jipya. Karatasi nzito, wino haupenyi. Nilianze kwa adabu basi. Mume wangu hutunga na kuchora Zindiko, jarida la katuni la kila mwezi. Mimi naandika maneno ya wahusika kwenye maputo yaliyo juu ya vichwa vyao, kwa mkono wangu, halafu najibu barua za wasomaji ukurasa wa mwisho. Humu nitamwita Mzee. Akilikuta daftari hili akanuna, shauri yake.

Leo dereva wa kiwanda cha chapa ameleta barua hamsini na nane! Mfuko mzima. Kaubwaga mlangoni na kuuliza kama tumefungua posta. Miezi ishirini na tisa ya Zindiko, hatujawahi kupata hata ishirini kwa mpigo. Mzee kajifanya hamnazo. Amechonga penseli ambayo ilikuwa imeshachongeka.

Sababu naijua. Zindiko ni mchawi mwema (kuna wasomaji bado wanagomba kwamba mchawi hawezi kuwa mwema, nimechoka kuwajibu). Nguvu anazo, ila kila akifanya uchawi kuna kitu kinamtoka na hakirudi tena. Toleo la kwanza alizima moto wa soko, ikamtoka ladha ya chumvi. La tisa, mluzi. La kumi na saba ikamtoka njia ya kwenda kwake, na tangu hapo anarudi nyumbani kwa kuhesabu nguzo za taa. Sasa maji yamefika madirishani, mji mzima uko juu ya mapaa, na bei iliyotajwa safari hii ni uso wa mke wake. Akilipa, atamtazama kama mpita njia. Toleo limeishia hapo, kabla hajajibu.

Mke wake anaitwa Kidoti. Ana kidoti shavuni. Na mimi nina kidoti shavuni. Sisemi zaidi.

Jumanne, 3 Septemba

Nimezisoma zote, miguu juu ya stuli, chai mara tatu. Raha tupu. Thelathini na nne wanasema asilipe, kumi na sita alipe, waliobaki wanaongea mambo yao.

Anayejiita Muuguzi wa Zamu anasema ameshaokoa watu wa kutosha, mji utafute mchawi mwingine, huyu aende kwake akapumzike. Kinyozi mmoja anapendekeza atoe uso wa mama mkwe. Nimecheka peke yangu mpaka fundi cherehani wa chini akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Mwanamume mwingine anaeleza kwamba yeye mkewe humtambua kwa kikohozi, angali ngazini, kwa hiyo uso si kitu, lipeni tuendelee. Hiyo nimeiweka pembeni.

Mwalimu wa Hesabu kaandika kwa namba, kama kawaida yake. Moja: bei isiyouma si bei. Mbili: Zindiko akikataa hii, basi chumvi na mluzi na njia vilikuwa mchezo. Tatu: anamsalimu Kidoti. Simpendi mtu huyu. Kila mara anasema kweli.

Kura yangu mimi? Asilipe! Zindiko asipomjua mkewe, Kidoti ana kazi gani tena kwenye hadithi? Atalia fremu mbili, kisha kwaheri. Na mimi nimezoea kuwa humo. Sioni aibu kuliandika hilo, daftari ni langu.

Alhamisi, 5 Septemba

Wifi kaja. Dada yake Mzee, msomaji wetu namba moja na mdomo wetu namba moja. Hata hajakaa, kanishika kidevu, kanigeuza kwenye mwanga kama anakagua nyanya. Enhe, kasema, nilijua. Nikamuuliza umejua nini. Kasema kidoti chako kiko kushoto, cha Kidoti kimehamia kulia.

Kumbe ndilo gumzo lenyewe kwenye simu. Kanisomea. Wapo wanaosema ni dalili — Zindiko ameanza kumsahau mkewe kabla hata ya kulipa, na mchoraji anatudokezea kijanja. Wengine wanasema yule ni mke bandia, wa kweli ametekwa. Tena amezeeka ghafla, mwangalieni macho! Nikazirudia barua. Tisa zimeliona jambo hilo. Nilizipita tu, nikidhani ni watu wa kuchanganya kulia na kushoto.

Wifi alipoondoka nikatandaza matoleo yote sakafuni. La kwanza hadi la ishirini na sita, kushoto. Matatu ya mwisho, kulia, kila fremu. Na kweli amezeeka. Shingo ina mikunjo. Nikaenda bafuni kujitazama, nikarudi.

Si ujanja. Namjua, ujanja wa namna hiyo hana. Amesahau tu. Miaka ishirini na saba ndani ya nyumba moja na mume wangu hajui kidoti changu kiko upande gani. Na mimi niliyeandika maneno mle, puto likiwa vidole viwili kutoka kwenye shavu lenyewe, sikuona. Imeniuma kuliko nilivyotegemea. Sijamuuliza kitu. Naogopa jibu.

Jumamosi, 7 Septemba

Mzee kaniuliza mara mbili nina nini. Nikasema kichwa. Kaniletea dawa na maji, kasimama palepale mpaka nikaimeza. Kwa hiyo leo nimekunywa dawa ya kichwa kisichouma.

Jumatatu, 9 Septemba

Mhariri kapiga simu, sauti juu kama yuko uwanjani. Anataka tudai ilikuwa makusudi. Kwenye ukurasa wa barua niandike kwa mafumbo, kisha toleo la thelathini tufichue: mke bandia! Watu watagombania nakala! Na Kidoti halisi? Huyo tutamtafuta baadaye, kasema, hakuna haraka.

Hakuna haraka, eti.

Mzee kasikiliza, kasema atafikiria, kakata simu. Halafu kanigeukia: kwani kidoti kimefanyaje? Hakuwa na habari kabisa! Barua hasomi, anasema zinamvuruga, nazisoma mimi. Nikamwambia kimehama shavu. Katazama toleo, kanitazama mimi, katazama tena toleo. Sura ikamshuka.

"Mbona nakuchora kama ulivyo," kasema.

Basi. Nilitaka kumkasirikia lakini alikuwa mnyonge mno, ningekuwa nampiga aliyeanguka.

Jumatano, 11 Septemba

Leo nimejua. Niandike polepole nisiharibu.

Mzee alikwenda kununua wino. Kifutio changu kimeisha, nikaenda kukaa kwenye kiti chake nipekue droo. Sikai pale mimi. Kiti chake, takataka zake. Nikainua kichwa — meza yangu hiyo mbele yangu! Kioo cha kabati. Mwezi wa tano paa lilipovuja tuliiondoa meza yake dirishani tukaisukuma kwenye ile kona, na tangu siku hiyo anakaa akilitazama kabati, na mimi niko nyuma yake ndani ya kioo, kuanzia kifuani hadi nyweleni. Taa yangu, kikombe changu, kalenda ya ukutani inayosomeka kinyumenyume. Nikiwa mle, kidoti changu kinakaa shavu la kulia. Toleo la ishirini na saba lilitoka mwezi wa sita.

Pale dirishani alikuwa amebandika picha yetu ya harusi kwenye shina la taa. Ndiyo aliyoichora matoleo ishirini na sita, yule binti wa miaka ishirini na nne. Nimeikuta kwenye droo, chini ya kalamu zilizokauka. Haitumii tena. Ana miezi mitatu, minne, ananitazama mimi. Mikunjo na yote.

Nimelia. Kifupi tu, na kwa raha. Kisha nikachukua kifutio nikarudi kwangu. Aliporudi nikakaa wima jioni nzima kama napigwa picha. Akaniuliza kama mgongo unanisumbua.

Ijumaa, 13 Septemba

Nilishindwa kukaa nalo. Asubuhi nimemkalisha kwenye kiti chake, nikaenda kwangu, nikamwambia anyooshe kidole kwenye kidoti. Kanyoosha, kwenye kioo. Kageuka. Kanyoosha tena. Alibaki kidole kiko hewani kama askari wa barabarani gari zimemshinda.

Kasema basi atalisogeza kabati. Nikamwambia aliguse aone.

Tumecheka mpaka fundi cherehani akagonga, na safari hii Mzee akamjibu kwa kisigino. Sikumbuki lini mara ya mwisho tulicheka hivyo asubuhi, kabla ya kazi.

Ukurasa wa barua nimeuandika bila fumbo hata moja: Kidoti hajabadilishwa wala hajatekwa. Mchoraji alimtazama kwenye kioo. Mwenye lawama azipeleke kwa fundi paa. Mhariri kalalamika kwamba nimemwagia watu maji baridi. Sibadili neno.

Jumapili, 15 Septemba

Furaha yangu imedumu siku mbili. Mzee kanionyesha toleo la thelathini likiwa bado penseli, na Zindiko analipa.

Nikamwambia: ndiyo kwanza nimejua kwamba unanitazama, na wewe ndiyo kwanza unanitoa! Kasema hanitoi. Zindiko ndiye asiyemjua Kidoti, Kidoti mwenyewe yuko palepale. Nikasema mwanamke hakai na mume asiyemjua, anafunga mizigo anarudi kwao. Kasema nani kasema hivyo. Nikasema mimi.

Nikamtwika zile barua thelathini na nne, moja juu ya nyingine, hapo mezani. Barua ambazo huwa hasomi! Kazisoma kweli, hata ya kinyozi, chai ikapoa. Alipomaliza kasema kwa upole kwamba wanampenda sana Kidoti, na ndiyo maana uso wake unatosha kuwa bei. Mwalimu wa Hesabu huyo, mdomoni mwa mume wangu!

Na kibaya zaidi ni ukurasa wa ishirini. Zindiko amefumba macho, anamtazama mkewe kwa mara ya mwisho kichwani mwake. Fremu sita, uso tu. Anacheka, anapiga chafya, anatafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake. Nilifanya hivyo Jumanne. Sijawahi kuona amechora vizuri namna ile. Kidoti kiko kulia, na nimemwambia akiache.

Nina hasira bado. Ila nimeurudia ukurasa ule mara nne.

Jumanne, 17 Septemba

Dereva yuko chini, amekuja kuchukua kurasa. Nimeshaandika maputo yote isipokuwa moja, na hilo Mzee kalinyima maneno.

Ni fremu ya mwisho. Maji yameshuka, matope mpaka magotini, watu wanashuka kwenye mapaa. Zindiko amehesabu nguzo zake mpaka mlangoni kwake. Kidoti amefungua. Zindiko anamtazama kama mtu anayesoma namba ya nyumba asiyoijua. Juu ya kichwa cha Kidoti kuna puto tupu.

Nikamuuliza niandike nini. Kasema hajui, ameshindwa kabisa tangu jana, mimi ndiye niliye mle. Miezi ishirini na tisa hajawahi kuniachia puto hata moja.

Nimejaribu kwa penseli. "Ni mimi, mke wako." Nikafuta. Itamsaidia nini? "Wewe ni nani?" Nikafuta, huo uongo. Machozi bila maneno — nikafuta mpaka karatasi ikaota manyoya. Wasomaji wangetaka alie. Mwalimu wa Hesabu angetaka afunge mlango, kwa namba. Nikaacha kuwafikiria wote. Nikajiuliza mwanamke huyu, siku nzima amekuwa akifanya nini mle ndani, mji ukikauka na mumewe haonekani?

Nikaandika. Moja kwa moja kwa wino, nisije nikarudi nyuma:

"Umechelewa. Vua viatu, ndiyo kwanza nimekausha sakafu."

Nikampa ukurasa. Yuko dirishani nao sasa, kanipa mgongo. Mara ya tatu hii anasoma maneno saba. Mimi naandika humu ili mikono iwe na kazi.

Dereva anapiga honi.

Mzee kauliza, bila kugeuka, kama Zindiko anavua. Nikamwambia mimi ni wa maneno, viatu ni kazi yake.

Kafungua dirisha. Anamwambia dereva azime gari apande anywe chai, bado kuna fremu moja.