Msumari Ndani ya Mota

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu zote. Natumaini wewe, shemeji na watoto mmeamka salama, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimeshapoa. Huku tu wazima wa mwili. Baba anakula, anatembea, presha yake iko sawa. Nimeanza na mwili makusudi, maana ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningeisikia sauti yako, nami ningeogopa.

Ulipopiga wiki iliyopita ulisema umempatia baba nafasi kwa daktari wa mambo ya kusahau, na kwamba mashua tuitafutie mtu wa kuichukua. Nikaitikia, sawa dada. Naomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujafanya lolote.

Unajua alivyoipenda ile mota ya betri uliyomletea bega lake lilipokataa makasia. Alisema inanguruma kama nzi ndani ya chupa, samaki wanadhani ni mwenzao. Asubuhi tatu kwa wiki alikuwa ziwani, akikokota ndoano polepole nyuma ya mashua. Siku nyingine alikaa mezani kwake dirishani, kioo jichoni, akitengeneza saa za watu. Kustaafu kwa fundi saa, alipenda kusema, ni kufunga duka tu. Saa zenyewe hazistaafu.

Miezi mitatu iliyopita mota ilimzimikia katikati ya maji. Propela ilinasa kwenye tawi lililozama, mota ikalia, ikafuka moshi, ikanyamaza. Alipiga kasia kwa mkono mmoja mpaka jua likawa utosini. Alipofika alicheka tu, lakini bega lilikuwa limevimba hata shati halivuliki, kwa hiyo akanituma mimi niipeleke kwa fundi wa mota wa pale barabarani.

Fundi aliifungua mbele yangu. Akasema uharibifu ni mdogo: shafti imepinda kidogo, mpira wa kuzuia maji umechanika, waya mmoja umeungua. Kisha akachomoa kitu kwa koleo, akakiweka kiganjani mwangu. Msumari. Akanieleza kwamba pale hukaa pini laini, ambayo kazi yake ni kukatika propela inapogonga kitu, ili mota isiumie. Msumari haukatiki, hausikii la mtu. Akauliza nani aliyeuweka. Nikasema, pengine mzee.

Baada ya siku mbili fundi mwenyewe aliileta mota nyumbani, imepona. Kwa heshima zote akamwambia baba, “Mzee wangu, saa ni zako, mota tuachie sisi. Pale msumari haukai.” Baba akamtazama kama mtu aliyeambiwa ana mtoto asiyemjua. Akasema hakuweka msumari wowote. Fundi, kwa adabu, hakubishana naye. Huko kutobishana ndiko kulikomuumiza.

Wiki iliyofuata alizirudisha saa zote, nyumba kwa nyumba, nyingine zikiwa zimefunguliwa nusu. Jirani yetu mshonaji alimsihi amalizie ya kwake. Akamjibu, “Kama niliweka msumari kwenye mota na sikumbuki, nitajuaje nimeweka nini ndani ya saa yako?” Tangu siku hiyo hajaenda ziwani. Anaandika kila kitu kwenye vikaratasi: dawa nimekunywa, mlango nimefunga. Nilipokusimulia hayo ndipo ukaanza kutafuta daktari. Sikukusimulia yote.

Dada, msumari ule niliuweka mimi.

Baba alikuwa amekwenda kumtazama mgonjwa. Nikachukua mashua bila kumwomba, nikawatembeza marafiki zangu wawili wa kazini, na kwa kujionyesha nikapita kwenye mawe aliyonikataza. Pini ikakatika. Tulipofika nchi kavu nikatafuta msumari unaoenea, nikaukata, nikautia, propela ikazunguka vizuri kabisa. Nikajiambia nitatafuta pini Jumamosi. Ikapita Jumamosi, ikapita na ya pili. Kisha akarudi siku ile na bega lake, nikajiambia nitasema akishapumzika. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miezi mitatu, na kila hatua nilimkanyaga yeye.

Jana nilipiga moyo konde nikamwambia yote. Nilitamani afoke, angefoka ningepata nafuu. Badala yake akaniuliza kama naikumbuka siku aliyonijia akitaka kujua iwapo niliwahi kumwona na msumari. Nikasema siikumbuki vizuri. Akasema yeye anaikumbuka. Ilikuwa Jumanne baada ya chakula, redio inasoma habari, mimi nakunja shuka la buluu. “Ulisema, ‘Labda umesahau, baba.’ Hukuniangalia.”

Akainuka, akaingia chumbani kwake.

Leo asubuhi ameniamkia kwa upole, kama mtu anavyomwamkia mgeni. Meza yake ya saa hajaigusa. Mota iko kwenye kona alipoiacha fundi. Sijui kama atarudi ziwani, wala sina uso wa kumuuliza.

Basi dada, mwambie daktari kwamba hatuji, na mashua asipewe mtu. Hasira zako nitazipokea, ni haki yako, ila mpigie baba kwanza. Mwambie akili yake ni timamu na kumbukumbu yake haina kasoro. Mimi nimeshamwambia, lakini lile neno likitoka kinywani mwangu halina tena uzito kwake. Lazima alisikie kwako.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwakumbatie mmoja mmoja kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba