Ini Upande wa Kushoto

Groningen, Jumanne

Kaka Roelof,

Shikamoo. Hujambo wewe, shemeji Hilligje, na yule ng'ombe wenu mwenye kiwele kibovu? Mimi mzima kabisa. Soksi zinatoka sokoni, maana kwa baridi hii watu wananunua hata za rangi ambazo nisingemvisha mbwa. Mgongo unauma kidogo, ila siku hizi angalau naijua kila pingili yake kwa jina.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilicheka nikapoteza mstari. Unasema niache kusimama mbele ya wanafunzi wa udaktari, la sivyo nisikanyage kwako tena, hata kwa ile kahawa ya Jumapili baada ya ibada. Umeandika kama mzee wa kanisa. Haya, nakujibu kama muuza soksi.

Siachi.

Kwanza nikueleze, maana naona shangazi Aaltje amekupa habari za kutunga. Kila Alhamisi navua shati, nabaki na kaptula. Umesikia, kaptula. Wanafunzi wanashika brashi na rangi, wananichorea juu ya ngozi vile vilivyo ndani: mapafu bluu, moyo mwekundu, ini kahawia, tumbo njano, utumbo kijani umejikunja kama mpira wa kumwagilia bustani. Figo wanachora mgongoni, na mirija yake ikishuka hadi kibofu. Wiki nyingine ni mifupa na misuli, nyingine ni mishipa ya damu, nyingine ile ya fahamu inayotoka uti wa mgongo mpaka kidole gumba cha mguu, na hapo huwa nacheka kwa kutekenywa hadi wananifukuza nikanywe maji. Wananigonga kifua kwa vidole: pakilia kama ngoma ni pafu, pakilia kama gogo ini limeanza. Mwalimu wao, mama mmoja anaitwa Tjitske, anasema maiti ni mwalimu mzuri ila haipumui, na wao wanataka mtu ambaye ini lake linashuka anapovuta hewa. Kuvuta hewa najua tangu nizaliwe. Ndiyo kazi pekee ambayo hawakuniuliza cheti.

Sasa ile siku ya kuzaliwa ya mama. Asubuhi alinichora binti mmoja, Sietske, mtaratibu. Alisimama tukitazamana, akaweka ini mkono wake wa kulia, yaani kushoto kwangu. Tjitske akamwambia, binti yangu, mgonjwa si kioo, huyu ukimpasua hapo utakutana na tumbo lake limejaa mkate. Maskini akawa mwekundu kuliko moyo alionichorea. Kufuta hatukuwahi, treni ilikuwa inaondoka, nikavaa shati jeupe la heshima juu ya rangi mbichi.

Yaliyofuata unayajua, ulikuwapo. Tumekaa kwenye duara la viti, kila mtu ameshampongeza kila mtu kama desturi yetu, hata jirani amepongezwa kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa mama. Joto la chumba kile, jasho likanitoka, na ini likajitokeza kwenye shati taratibu. Ndipo mama, aliyepasua nguruwe kila Novemba tangu akiwa msichana, akaweka kikombe chini akauliza mbona langu liko kushoto, nguruwe wake wote lilikaa kulia. Shangazi Aaltje keki ilimtoka puani. Wote walicheka isipokuwa wewe. Ukasimama ukasema mwili ni hekalu, na mimi nimeufanya ubao wa chaki.

Kaka, kama ni hekalu, basi watu waingie. Hekalu gani linafungwa mwaka mzima? Ukauliza tena, kana kwamba umeshanusa jambo, mtu akifa akakatwakatwa na wanafunzi mezani atafufuliwaje. Bwana, wavuvi wangapi wa kwetu wameliwa na samaki Bahari ya Kaskazini, na bado unawaombea ufufuo kila mwaka? Mungu anayeweza kuwakusanya wale kutoka matumboni mwa samaki, hatashindwa na mimi nitakayewekewa kibandiko chenye jina.

Unamkumbuka baba alivyoshika hapa juu ya kitovu, akasema viazi vya jana vimemkaa vibaya? Daktari kijana akamminya tumbo, akampa dawa ya tumbo, tukamchemshia chai ya maua. Asubuhi hakuamka. Ulikuwa moyo. Tjitske ameniambia moyo unaweza kuuma pale pale, na wanafunzi wake wanakariri hilo brashi ikiwa mkononi. Kila Alhamisi nikisimama pale uchi kuanzia kiunoni kwenda juu, nasimama kwa ajili ya hilo. Wakinigonga vibaya leo, kesho watamgonga baba wa mtu vizuri.

Sasa kaa chini, kaka. Nimekwishawaandikia watu wa chuo kwamba nikifa wanichukue mzima, wasirudishe kitu. Hilo ulishalihisi. Usilolijua ni kwamba nyie mlipokwenda kutafuta makoti, mama alinivuta jikoni akaniuliza kama wanapokea na vikongwe. Nikamwambia wanapokea, hata wenye nyonga ya chuma. Wiki iliyopita ameandika. Kwa mkono wake mwenyewe, maana hawakubali umwandikie mtu, na alikataa nisimame karibu. Anasema baba alikufa kwa sababu mtu hakujua, na yeye hataki kuoza bure kando yake. Ameniomba nikwambie mimi, kwa sababu wewe ukikasirika unanyamaza, na ukimya wako unamchosha kuliko kelele zangu.

Kwa hiyo pale makaburini ulipotuwekea nafasi karibu na baba, panda viazi. Na kama aibu ya mwili inatosha kumfungia mtu mlango, ujue sasa tuko wawili.

Msalimie shemeji sana, na watoto, na huyo ng'ombe apone. Jumapili ibada ikiisha nitamshika mama mkono mpaka kwako, kama siku zote. Sitabisha hodi. Atabisha yeye.

Mdogo wako,
Jannes